Maoni ya Picha: Kutoka "Umetisha" Hadi Neno Linaloweza Kufanyiwa Kazi

Picha ya dagaa wakianikwa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, ikionyeshwa kwa watu, majibu mengi huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema "umetisha, kaka", na yupo anayesema "mbona kama haina mvuto." Majibu yote mawili yanamwacha mpigapicha palepale alipokuwa. Kesho atarudi mwaloni na kupiga vilevile, maana hakuna aliyemwambia ni kitu gani ndani ya fremu kimefanya kazi na kipi kimekwama.

Maoni yanayosaidia hutaja kitu kinachoonekana kwenye picha, hueleza kinamfanyia nini mtazamaji, hutafuta sababu, kisha hupendekeza jambo moja la kujaribu. Kwa mfano: "Jicho langu linakwenda kwanza kwenye ndoo nyeupe kona ya kulia, halafu ndipo namwona mama anayegeuza dagaa. Ndoo inang'aa kuliko kitu kingine chochote hapo. Ungesogea hatua mbili kushoto, ndoo ingetoka kwenye fremu na kichanja kingepeleka macho moja kwa moja mikononi mwake." Hata asiyekubaliana na maneno hayo ana kitu cha kukagua. Anaweza kuitazama ndoo. "Haina mvuto" haina mahali pa kukaguliwa.

Umakini huu una sababu. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliounganisha mamia ya matokeo ya utafiti kuhusu watu waliopewa mrejesho juu ya kazi zao. Kwa wastani mrejesho uliinua kazi, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo kazi ilishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaovuta mawazo ya mtu kwenye nafsi yake hudhoofisha, na ule unaoyaelekeza kwenye kazi iliyo mbele yake husaidia. Sifa nazo zimo humo. "Una kipaji" humfanya mtu ajitazame yeye, sawasawa na "hujui kupiga". Sifa yenye faida ni ile inayotaja kitu: "Umesubiri hadi mkono wake umeinuka na dagaa wako hewani. Endelea kusubiri hivyo."

Kuna pia mazoea ya kuanza na sifa, kupachika kasoro katikati, kisha kufunga kwa sifa nyingine. Baada ya mara chache mpokeaji huacha kusikiliza sifa, akawa anangoja tu neno "lakini". Ni afadhali kutaja kilichofanya kazi pale tu kinapostahili, na kasoro uitaje bila kuizungusha.

Picha hii ni ya kazi gani?

Picha haiwezi kupimwa bila kujua ilikusudiwa ifanye nini. Chukua picha ileile ya dagaa. Kama ni ya mfanyabiashara anayetaka kuwatumia wateja wa Dar es Salaam, mnunuzi anatafuta ukubwa wa dagaa, ukavu wao, rangi yao, na kama wana mchanga. Inatakiwa picha ya karibu, mwanga usiobadilisha rangi, na kiganja kando ili ukubwa upimike. Umbo jeusi la mama mbele ya jua linalozama halimwambii mnunuzi huyo kitu, hata likipendeza vipi. Kama picha ni ya gazeti, mtu, kazi yake na mahali alipo vionekane pamoja, na maelezo ya chini yawe ya kweli. Ikiwa ni ya kutundikwa sebuleni, huenda lile umbo jeusi ndilo linalotakiwa.

Hata hivyo mtazamaji asiambiwe kusudi mapema mno. Mwache aitazame picha kwa sekunde kama 10, aseme ameona nini kwanza na anadhani inahusu nini. Ndipo aelezwe. Akisema "ni picha ya boti" wakati mpigapicha alikusudia uchovu wa wavuvi waliokesha ziwani, pengo hilo ndilo habari yenye thamani kuliko yote katika mazungumzo, na haliwezi kupatikana tena akishajua kusudi. Watu wengi huliua kwa kuanza kusimulia kabla hata simu haijatoka mkononi mwao.

Kosa, uamuzi, ladha

Mabishano mengi juu ya picha hutokana na kuchanganya mambo haya matatu.

Kosa la ufundi huthibitika kwa macho: fokasi imeangukia ukutani badala ya usoni, anga limeungua hadi limebaki jeupe tupu, upeo wa Ziwa Tanganyika umeinama kama vile maji yanamwagika upande mmoja. Uamuzi ni jambo ambalo mpigapicha angeweza kulifanya kwa njia mbili zenye maana tofauti, kama kumweka mtu katikati au pembeni, kupiga kutoka chini au usawa wa macho, kuonyesha mwalo mzima au mikono tu. Uamuzi hauhukumiwi kuwa sahihi au si sahihi. Hupimwa kwa kusudi la picha. Ladha ni ya mtazamaji mwenyewe. Asiyependa rangi zilizokolezwa ana haki ya kusema, ila aseme kama ladha yake: "Mimi rangi kali hivi hazinivuti, wewe pima."

Mipaka hii haiko wazi daima. Upeo ulioinama nyuzi mbili husomeka kama kosa, ila ulioinama nyuzi 15 husomeka kama uamuzi. Rangi zilizokolezwa ni suala la ladha mpaka ngozi ya mtu inapogeuka ya machungwa katika picha ya pasipoti. Hapo ni kosa, na picha itakataliwa. Mtoa maoni akishindwa kujua yuko upande gani, swali moja linatosha: "Ulikusudia?"

Kutafuta sababu

Hapa ndipo maoni mengi yanapokwama, kwa sababu dalili moja huwa na vyanzo vingi.

"Picha haijatulia" hutumika kwa matatizo manne yasiyofanana. Kuza picha hadi uone vitu vidogo. Kama kila kitu kimechirizika kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika, basi kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) iongezwe. Ukiwa umesimama nchi kavu na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/60 ya sekunde; kwa lenzi ya milimita 200, anzia 1/250. Kama mandhari ya nyuma imetulia lakini mtu ana ukungu, aliyesogea ni yeye. Anayetembea anahitaji walau 1/250, watoto wanaokimbia 1/500. Kama mtu ana ukungu ilhali majani ya mbele yake au ukuta wa nyuma yake uko wazi kabisa, fokasi ilishika pasipo, na kuongeza kasi hakutasaidia. Na kama picha nzima imefifia huku kila taa ikiwa na wingu kuizunguka, kioo cha lenzi kina mafuta ya vidole, jambo la kila siku kwa simu inayokaa mfukoni. Kitambaa safi cha pamba kinamaliza. Kumwambia mtu huyu anunue simu nyingine ni kumtia hasara bure.

Kwenye boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, huongezeka chanzo cha tano, yaani injini. Anayeegemeza viwiko kwenye ubavu wa boti akidhani anajituliza anaupokea mtetemo wote na kuuingiza kwenye kamera. Viwiko vibanwe mbavuni mwake, na kasi isipungue 1/500.

Taa za wavuvi wa usiku nazo zina mambo yake. Stendi huituliza kamera, haiwezi kutuliza mtumbwi. Shata ikifunguka sekunde 10, vilima vitatulia ila kila taa itachora kijistari kilichopinda, kwa sababu chombo kinayumba. Kijistari cha namna hiyo huonekana kama kosa. Anayetaka taa ziwe nukta apandishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hadi 3200, afungue tundu la lenzi mpaka mwisho na kushusha muda hadi nusu sekunde au chini yake, tena usiku ambao ziwa ni shwari. Anayetaka michirizi aongeze muda hadi nusu dakika, ionekane wazi kuwa alitaka. Ushauri wa "tumia stendi" pekee haumfikishi kwenye lolote kati ya hayo mawili.

Malalamiko ya "imekuwa nyeusi" yana vyanzo viwili vinavyopingana kabisa. Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba vilivyo mbele yake, vikichanganywa vyote, ni kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, kamera huona mng'ao mwingi, hushusha mwanga, na uso wake hupotea. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo kisha pandisha mwanga. Kwenye kamera, sogeza kipimo cha mwanga cha +/− hadi +1 au +1.5, au mgeuze mtu apate mwanga usoni. Sokwe anayejaza fremu msituni huleta kinyume chake. Kamera huona weusi mwingi, hupandisha mwanga, manyoya yanakuwa ya kijivu, na vipande vya jua kwenye majani huungua moja kwa moja. Hapo inatakiwa −0.7 hadi −1.3. Mtoa maoni anayejua kusema "ongeza mwanga" peke yake atamsaidia wa kwanza na kumharibia wa pili.

Kuna neno ambalo halipaswi kabisa kusemwa kwa mtu aliyepigwa picha: kwamba yeye ni mweusi mno ndiyo maana hakutoka vizuri. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka bila maelezo ya uso. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo. Hadi leo, uso usioonekana ni kazi ya mpigapicha kuurekebisha.

Dagaa wabichi nao hudanganya. Magamba yao hurudisha jua kama vioo vidogo, na sehemu iliyoungua hairudishwi na programu yoyote, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa pale. Mwambie mpigapicha atazame histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha: milima ya grafu ikibanana kwenye ukingo wa kulia, ashushe mwanga −0.7 au −1 na kupiga tena palepale.

Halafu kuna saa. Kigoma iko karibu na longitudo 29.6 mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45. Kwa hiyo jua la Kigoma hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, na huzama karibu saa moja jioni, takriban dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Anayefuata ratiba ya mwalimu wa Dar aliyesema mwanga mtamu huanza saa kumi na moja na nusu atapata jua ambalo bado ni kali, na atadhani kosa ni la kamera yake. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu na utosi, hivyo picha za mchana huweka mashimo meusi machoni pa watu. Kofia au kivuli cha mwembe wa Ujiji kitasaidia kuliko kitufe chochote. Na kwa kuwa ziwa liko magharibi, asubuhi jua humtokea nyuma mpigapicha anayelitazama ziwa na kumulika nyuso zilizo mbele yake. Jioni jua humjia usoni yeye, na watu wanageuka maumbo meusi. Ushauri wa "rudi asubuhi" unaweza kumaliza tatizo ambalo saa tatu za kuhariri hazitalimaliza.

Ukumbini, kwenye harusi, picha huweza kutoka na mistari ya giza iliyokatiza fremu nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/250 hukamata mmeto huo. 1/50 au 1/100 huondoa mistari. Nyuso zilizogeuka bluu kwa taa za mapambo ni habari nyingine. Kurekebisha rangi baadaye hakutoshi, kwani taa ya bluu tupu haikuleta wekundu wowote kwenye ngozi. Hapo ni flashi, kwa nguvu ndogo kama 1/8, na ISO ya 1600 ili ukumbi nao uonekane.

Asiyejua mahali hushauri lisilowezekana

"Ungesogea karibu" ni ushauri unaotolewa mno. Gombe mgeni hutakiwa kubaki mita 10 kutoka kwa sokwe, na flashi hairuhusiwi. Anayeshauri kusogea au kumulika anamfundisha mwenzake kuvunja utaratibu uliowekwa kumlinda mnyama. Ushauri unaofaa pale ni kupiga magoti hadi usawa wa macho ya sokwe, kungoja aingie kwenye uwazi wa miti, au kukubali picha pana inayoonyesha msitu.

Kinyume chake, anayeijua kazi iliyopigwa picha huona ambacho fundi wa kamera haoni. Mvuvi wa Katonga, Kigoma, atakuambia kwamba karabai na taa za sola huvuta dagaa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili mavuno hudorora. Picha yenye mwezi mzima juu ya ziwa na maelezo yanayosema wavuvi wako kazini kwa wingi usiku huo itamtia shaka mara moja. Vivyo hivyo picha iliyoandikwa "wavuvi wakitua samaki, Juni 2024" itakuwa na swali la kujibu, kwa kuwa mwaka huo Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Maelezo ya chini ni sehemu ya picha, na yakaguliwe kama fokasi inavyokaguliwa.

Liulizwe pia swali la ridhaa. Picha ya mtoto, ya mgonjwa, au ya mkimbizi kambini Nyarugusu inaweza kuwa na mwanga mzuri na bado isifae kutoka. "Alijua unapiga? Alikubali itumike hivi?" ni maoni halali, na yatangulie mengine yote.

Upande wa anayepokea

Anayeuliza "mnaionaje?" atajibiwa "nzuri". Swali liwe na ukingo: "Jicho lako linakwenda wapi kwanza?" au "Je, mkono uliokatwa na fremu unakusumbua?" Lete picha tatu hadi tano, si albamu nzima ya harusi. Watu hawawezi kuangalia picha 60 kwa makini, na wakijaribu wataishia kusema "zote safi".

Mkiwa kikundi, mdogo aanze kusema na mkubwa amalizie. Mzee mwenye studio ya miaka mingi akisema kwanza, vijana wote watakubaliana naye kwa heshima na hakuna jipya litakalosikika. Kijana anayetaka kumwambia mkubwa jambo ana njia nzuri ya kuingilia: "Shikamoo mzee. Nina neno kuhusu mwanga wa upande wa kushoto, niseme?" Kuomba ruhusa kabla ya kutoa maoni ni hatua rasmi pia katika utaratibu ambao Liz Lerman, mtunzi wa ngoma wa Marekani, aliubuni mwaka 1990 kwa ajili ya wasanii kupitia kazi zao pamoja. Anayeulizwa anaweza kusema "ngoja kwanza", na hilo liheshimiwe. Mteja akiwepo, kasoro zisijadiliwe kabisa. Hapo anayeaibishwa ana familia ya kulisha kwa kazi hiyo.

Maoni yanapotolewa, mpokeaji aandike na asijitetee. Kueleza kwamba jua lilikuwa kali au bibi harusi alichelewa hakubadilishi kilichomo kwenye fremu. Picha itakwenda kwa watu bila yeye kuwepo kuieleza. Akishaandika, achambue. Watu watatu wakikwama mahali pamoja, pale pana tatizo hata kama kila mmoja ametoa dawa yake: mmoja akisema "kata", wa pili "punguza mwanga", wa tatu "ndoo inaudhi". Wameonyesha pa kuangalia. Namna ya kutibu bado ni ya mpigapicha, kwa sababu yeye ndiye anajua alitaka nini. Maoni ya mtu mmoja yanayopingana na kusudi la picha yanaweza kuachwa bila kinyongo.

Angalia pia wanaangalia nini. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za kasi, ISO na tundu la lenzi. Anayelalamika kuwa imevunjikavunjika huenda anakosoa mbano huo. Itume kama dokumenti, ibaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwanga wa kioo cha simu uwekwe kati, na mkae kivulini. Kioo kilichopandishwa mpaka mwisho huficha giza la picha, halafu mshangao unakuja studio ikishachapisha, maana karatasi haina taa ndani yake. Kama picha ni ya kuchapishwa, toeni nakala moja ndogo na mjadili hiyo.

Mwisho chagua badiliko moja tu la kujaribu, urudi mahali palepale, saa ileile. Ukibadilisha kwa pamoja saa, lenzi na mahali pa kusimama, hutajua ni kipi kilichosaidia. Faili la kwanza usilifute. Lihifadhi kwa jina lake, weka la pili kando yake, kisha waonyeshe wale wale walioona la kwanza bila kuwaambia lipi ni jipya.